Rundo la Mkono wa Kushoto

Mkono wa Marsali bado uko pale pale tulipouacha wiki iliyopita: juu ya rundo la tope kavu, lile linalochomwa kama kuni, nyuma ya nyumba ya mapumziko, kijijini Balnacrois. Manyunyu yanamwingia shingoni. Alikuwa ametoka kuchukua matofali ya tope ya kuwashia moto wa asubuhi, na kapu lake bado tupu.

Rundo lile lilipangwa na mume wake.

Mume wake alikufa maji miaka minane iliyopita.

Alirudi nyuma hatua tatu akaliangalia upya, kama unavyomwangalia mtu njiani usije ukamfananisha. Watu wa upande huu wa Scotland, wakishakata matofali yao ya tope kwenye kinamasi na kuyakausha, huyarundika ukutani kama wanamwaga viazi. Watu wa kisiwa cha Lewis hawafanyi hivyo. Wao huyasuka. Kila tofali hulazwa mshazari, safu hii ikielekea huku, ya juu yake ikielekea kule, mpaka rundo zima linafanana na mifupa ya samaki, na mvua inateleza juu yake bila kuingia ndani. Na kila ukoo una namna yake. Mtu wa Lewis akipita barabarani atakuambia rundo hili ni la nani, hata kama mwenyewe hayupo.

Hili lilianzia upande usio wa kawaida. Safu ya chini ililala kuelekea kulia, kama anavyolaza mtu wa mkono wa kushoto. Na kwenye kila pembe matofali mawili yalisimamishwa wima, yameegemeana kama wazee wawili wanaotoka kunywa. Torquil, mume wake, mtu wa Lewis, alifundishwa hayo na bibi yake, na bibi yake hakuwa na mwanafunzi mwingine.

Fergus alitokeza mlangoni na kikombe cha chai. Alimwita aingie ndani, atalowa.

Huyu Fergus Laidlaw ni daktari wa mifugo, mtu mpole, mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo. Tangu mwaka jana anaishi na Marsali kule Inverness, baada ya mahakama kutia sahihi kwamba Torquil amekufa na mjane yuko huru. Harusi ni tarehe ishirini na nane Juni. Fergus ndiye aliyepanga wiki hii ya kupumzika kabla ya pilikapilika: kulala, kutembea, kusoma, basi. Kijiji alikichagua mwenyewe. Marsali hakuuliza kwa nini.

Sasa alimwambia alichokiona. Fergus aliliangalia rundo. Hakumwangalia yeye.

"Labda kuna mtu wa Lewis amehamia huku," alisema.

"Mtu wa Lewis wa mkono wa kushoto, aliyefundishwa na bibi yake Torquil?"

Fergus alisema chai inapoa.

Marsali alichomoa tofali moja akalivunja juu ya goti. Lilikuwa gumu na kavu mpaka katikati, na halikuwa limeota hata unyasi. Yeye ni mtoto wa kinamasi, hakuhitaji kufundishwa. Tope hukatwa Mei na kufikishwa nyumbani Agosti, na rundo likikaa miaka miwili nje linaanza kuporomoka na kugeuka udongo. Hili lilikuwa la mwaka jana. Kwa hiyo Agosti ya mwaka jana, wakati yeye amekaa mbele ya wakili kutafuta cheti cha kifo, Torquil alikuwa amesimama hapa hapa, ana haraka ya kumaliza kabla mvua haijanyesha.

Akacheka. Alicheka kwa sauti, peke yake, mvuani, hata kondoo wa jirani wakainua vichwa.

"Yuko hai, Fergus," akasema. "Mume wangu yuko hai."

Hayo alimwambia mwanamume ambaye wangeoana baada ya wiki tano. Wala hakuona kwamba chai yote imemwagikia viatu vya Fergus.

* * *

Bi Dolina Mackay, mwenye nyumba, alifika saa tatu na pikipiki yake ya magurudumu manne, amebeba mayai na skonzi za moto ndani ya taulo. Ana miaka sabini na mitano na hajawahi kuingia mahali bila kumtania mtu. Alimwuliza daktari kama viatu vile vipya amevinunua au ameviazima, maana kinamasi kitavila kabla ya chakula cha mchana. Akamwambia pia usubi wa hapa wanapenda damu ya mjini, haina chumvi.

Marsali hakumwacha amalize. Alimwuliza nani amepanga lile rundo.

Bi Dolina alianza kuyatoa mayai kwenye taulo, moja moja, taratibu kuliko yai linavyohitaji.

Alisema ni Calum. Calum yupi? Calum tu. Alitokea siku moja, miaka mingi sasa, akaomba kazi, akapewa. Jina la baba hakusema na wao hawakuuliza. Lafudhi yake ilikuwa ya kisiwani kabisa, hata kiziwi angejua huyu si wa bara, lakini mtu akifanya kazi yake vizuri utamwulizaje ametoka wapi? Si adabu.

Ndivyo walivyo watu wa pwani ile. Watakugawia samaki wa mwisho, lakini swali la mambo yako hawakuulizi hata ukifa mikononi mwao. Kijiji kizima kilijua kwamba Calum si Calum. Kijiji kizima kikanyamaza kwa heshima, miaka minane, na hakuna hata mmoja aliyefikiria kwamba huenda upande wa pili wa heshima ile kuna mwanamke amekaa dirishani.

"Anatumia mkono gani?" Marsali aliuliza.

Bi Dolina aliweka yai la mwisho.

"Wa kushoto," akasema.

Furaha ya Marsali ilipanda mpaka kooni. Halafu, papo hapo, ikasimama, kwa sababu alikumbuka kitu ambacho mtu wa mjini asingekikumbuka.

Kukata tope si kazi ya mtu mmoja. Mmoja husimama juu ya ukingo na chuma chenye makali, anakisukuma chini kwa mguu. Mwenzake husimama ndani ya mtaro, chini yake, anapokea tofali bichi kwa mikono miwili na kulirusha majanini. Linakatwa, linapokelewa, linarushwa, tangu asubuhi mpaka jioni, karibu kiasi kwamba mmoja akivuta pumzi mwingine anasikia. Marsali alimpokelea Torquil kila Mei kwa miaka kumi na mmoja. Walichumbiana mle mtaroni. Waligombana mle. Nusu ya maneno ya ndoa yao yalisemwa mle.

"Na nani anampokelea?"

Bi Dolina alimtazama usoni kwa mara ya kwanza, na utani wote ukamtoka.

"Jessie Gunn," alisema. "Ng'ambo ya ghuba, mlango wa bluu. Nenda ukaongee naye, binti yangu. Yaliyobaki si yangu kusema."

Fergus alitaka kumpeleka kwa gari. Marsali alikataa. Alipokuwa anafunga koti, Fergus alimshika mkono akamwambia angoje, kuna jambo anataka kumwambia, dakika moja tu. Marsali akamjibu kwamba amengoja miaka minane, leo hangoji hata dakika moja. Akatoka.

* * *

Njia ya kuzunguka ghuba ni ya nusu saa. Aliitembea kwa robo.

Njiani alipanga maneno. Kwanza angemtukana. Angemtukana kwa Kigaeli, kwa sababu Kiingereza kisingetosha. Halafu kama huyo Jessie ni mzuri angemtukana tena. Halafu angemwuliza kama anakula vizuri. Alipofika kwenye dirisha la kanisa akajitazama kiooni, akarudisha nywele nyuma ya masikio, na bila kuamua akaivua pete ya Fergus akaitia mfukoni.

Siku ile ya mwisho, Torquil alikuwa anakwenda kuangalia mitego ya kamba wa baharini na Murdo, ndugu yake Marsali. Ndugu mwenyewe alikuwa mmoja tu, na kuogelea hajui, na jaketi la kuokolea havai kwa sababu ati linamfanya aonekane mnene. Marsali alisimama mlangoni na kipande cha mkate mdomoni. Akamwambia mumewe, huku anacheka:

"Umrudishe ndugu yangu, la sivyo na wewe usirudi."

Mashua ilionekana jioni, imepinduka. Murdo alipatikana siku ya tatu kwenye mwani. Torquil hakupatikana.

Mlango wa bluu ulifunguliwa kabla hajabisha. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mabega mapana, alisimama na chupa ya maziwa mkononi na mwanakondoo asiye na mama miguuni. Hakuwa mzuri. Marsali aliona aibu kwa kulipima hilo kwanza.

Alianza kujitambulisha. Jessie alimkata, akasema anamjua. Picha yake ilikuwa humu ndani miaka yote, nusu yake imeharibiwa na maji ya chumvi, lakini pua ni hiyo hiyo.

"Yuko wapi?" Marsali aliuliza.

"Una roho ngumu," Jessie alisema. "Unamwandikia mtu asije, halafu unakuja mwenyewe kumtafuta?"

Marsali hakuelewa. Akarudia swali lake.

Jessie alinyoosha chupa ya maziwa kuelekea alikotoka Marsali.

"Yuko pale, nyuma ya kanisa. Ulimpita sasa hivi. Yuko pale tangu Februari."

Marsali alikaa kizingitini. Mwanakondoo akaja akaanza kunyonya ncha ya mkono wa koti lake. Hakuna aliyemfukuza.

Alikuwa mjane miaka minane. Asubuhi ile akawa mke, kwa muda wa saa mbili. Sasa alikuwa mjane tena, na mara hii hakuhitaji mahakama kumwambia tangu lini.

Jessie hakumbembeleza. Aliingia ndani akarudi na bahasha aliyoitoa nyuma ya saa ya ukutani, akamtupia mapajani. Alisema huyo mtu aliandika barua moja tu katika miaka minane. Aliiandika Novemba, baada ya daktari kumwambia mapafu yake yamekwisha. Ilimchukua usiku wa siku nne kuiandika. Na hilo ndilo jibu alilopata.

Marsali aliifungua. Ilikuwa na mstari mmoja.

*Nina maisha mapya. Usije na usiandike tena. M.*

Aliutambua mwandiko ule kama unavyoutambua mlango wa nyumba yako. Ulikuwa kwenye jokofu lake, kwenye karatasi za kukumbusha maziwa na mkate. Ulikuwa kwenye kadi ya siku yake ya kuzaliwa. Asubuhi, yeye akiwa ameshakwenda shuleni kufundisha, mwenye mwandiko ule ndiye aliyekuwa anaokota barua mlangoni.

"Huu si mwandiko wangu," alisema.

Jessie alikaa naye kizingitini, akampa mwanakondoo chupa. 

"Ndivyo alivyosema yeye," akasema.

Na hapo sauti yake ikabadilika. Alisimulia kwamba Torquil aliisoma mara moja tu, akacheka mpaka akakohoa, mpaka ikabidi ashikwe mgongo. "Huyu si Marsali," alimwambia Jessie. "Marsali angeanza na matusi mawili ya Kigaeli, halafu angeniuliza kama nakula."

Marsali alijifunika uso na mkono ambao mwanakondoo alikuwa ameulowesha.

Jessie alisema Marsali asimtazame tena vile alivyomtazama mlangoni, anajua alikuwa anafikiria nini. Huyo mwanamume alilala kwenye chumba cha manyoya ya kondoo, huko zizini, na yeye Jessie alilala ndani kwake. Alimpokelea tope, basi. Na hata mle mtaroni hakuwa anaongea na yeye.

"Alikuwa anaongea na wewe," alisema. "Mara mbili aliniita kwa jina lako. Sikumsahihisha."

Kwa nini basi hakurudi? Marsali aliuliza hivyo huku jibu analo, limemkwama kooni kwa miaka minane kama mwiba wa samaki.

"Alisema ulimwambia asirudi bila ndugu yako."

"Ulikuwa utani, Jessie."

"Nilimwambia hivyo. Kila mwaka, likifika lile juma la ajali, nilimwambia: mwanamke hasemi hivyo kwa kweli na mkate mdomoni. Alikuwa ananiitikia tu. Kesho yake anaenda kukata tope."

Lakini jibu lile la uongo, lililotaka kumfukuza, ndilo lililomwamsha. Mtu akishajua kwamba kuna mtu mwingine anamjibia Marsali, anaanza kujiuliza Marsali mwenyewe angesema nini. Torquil alikaa kitandani Desemba nzima na Januari, anakohoa, anasema akipata tu nguvu ya kusimama anakwenda Inverness kutukanwa ana kwa ana. Jessie alimsihi angoje joto. Asubuhi moja ya Februari Jessie alitoka kulisha kondoo. Aliporudi, akakuta kitanda kimetandikwa.

Alikuwa ameshuka mpaka kwenye kibanda cha kusubiria basi, kilomita mbili, kwenye theluji. Basi la siku ile lilifutwa kwa sababu ya barabara. Watu wote wa kijiji walijua limefutwa. Hakuna aliyepita kumwambia, na yeye hakuwa mtu wa kuuliza.

Dereva wa gari la posta ndiye aliyemkuta, amekaa, begi mapajani, amenyoa ndevu. Alikuwa amevaa tai.

"Niliandika tena Machi," Jessie alisema, "kukujulisha. Sikujibiwa. Kaburini tumeandika Calum, kwa sababu hakuna aliyekuja kusema jina lingine."

* * *

Marsali hakupita kaburini. Alisema moyoni kwamba hawezi kwenda pale na pete ya mtu mwingine mfukoni.

Nyumba ya mapumziko ilikuwa inatoa moshi. Harufu ya tope linaloungua ilimfikia kabla hajafungua geti, ile harufu tamu ambayo watalii huja kuisifia na kuandika kwenye kitabu cha wageni. Akajua ni nini kinachoungua mle ndani. Alihesabu mikono iliyolibeba kila tofali mpaka lilipofika ukutani, na mkono wa mwisho ulikuwa wa kushoto.

Fergus alikuwa amekaa mbele ya meko, amevaa koti la safari. Mifuko yake ilikuwa imefungwa, imesimama mlangoni. Ya Marsali hakuigusa.

Marsali aliweka barua mezani, karibu na mayai ya Bi Dolina.

"Ni wewe."

"Ni mimi."

"Alibakiwa na miezi mitatu, Fergus. Ungenipa barua yangu ningekaa naye miezi mitatu."

"Sikujua ni mgonjwa. Hakuandika hilo."

"Ungejua, ungenipa?"

Fergus alifikiri. Mimi mwandishi nimemwona mwongo mmoja tu duniani aliyefikiri kabla ya kujibu swali la namna hiyo, na ni huyu.

"Hapana," alisema.

Marsali alimwuliza habari ya barua ya Jessie ya mwezi Machi. Hiyo pia Fergus aliizuia. Alimwuliza basi kwa nini amemleta huku, kama alikuwa ameshashinda. Torquil ameshakufa, siri imezikwa kwa jina la mtu mwingine, kwa nini asimpeleke Hispania kwenye jua kama watu wengine?

Fergus alijibu akiwa anauangalia moto. Alisema tarehe ishirini na nane angesimama mbele ya watu aitike, na yeye peke yake ndiye angejua Marsali anaolewa na mtu wa namna gani. Tangu Machi halali. Alianza kumwambia mara tatu ndani ya gari, kutoka Inverness mpaka hapa, na kila mara alikuwa anauliza tu kama anasikia baridi. Kwenye barua ya Jessie kulikuwa na sentensi moja kwamba huyo Calum alikipangia kijiji kizima marundo ya tope. Basi akatafuta nyumba ya kupangisha. Alijua asubuhi ya kwanza Marsali atatoka nje kuchukua tope la kuwashia. Alijua ataliona.

"Ukaniacha niligundue kwa mkono wangu," Marsali alisema.

"Mdomo ulinishinda."

Machozi yalikuwa yanamtoka Fergus na hakuyafuta. Marsali alitamani kumchukia na akagundua anamwonea huruma, na hilo likamkasirisha kuliko uongo wenyewe. Alitoa pete mfukoni akaiweka katikati ya mayai. Ilionekana ndogo.

Alimwambia aache kulisha moto. Lile rundo lisiguswe tena hata tofali moja.

Fergus alisimama, akachukua mifuko yake, akafika mlangoni. Pale akasimama. Mgongo wake ulikuwa umeinama kama wa mtu aliyebeba ng'ombe.

"Ipo nyingine," alisema.

Aliingiza mkono ndani ya koti akatoa bahasha iliyokunjika pembe. Haikuwa imefunguliwa. Alisema ilifika Inverness katikati ya Februari. Sanduku la posta liko pembeni ya kile kibanda cha basi, hatua tano tu. Torquil aliitumbukiza kwanza, kisha akaenda kukaa. Fergus aliujua mwandiko. Mara hii hakuwa na ujasiri wa kusoma wala wa kuchoma.

Akaiweka mezani. Akatoka. Gari likawaka, likangoja kidogo kama linaloitwa, halafu likaenda.

Marsali hakuifungua ndani ya nyumba ile. Alitoka nayo nyuma, akakaa chini, mgongo wake kwenye rundo, upande ambao upepo haufiki. Mvua ilikuwa imekatika na usubi walikuwa wameanza. Hakuwafukuza. Matofali yalikuwa yamemkaa mgongoni sawasawa, mshazari, kama mtu aliyemwegemea kwa nyuma.

Aliichana bahasha kwa ukucha. Mwandiko ulikuwa umelala kuelekea kushoto, unatetemeka.

*Marsali, kama barua hii itafika kabla yangu, usifunge mlango.*

Aliiteremsha karatasi. Alikumbuka wiki ile ya theluji. Kila siku alirudi kutoka shuleni, akaingia, akafunga kwa ufunguo mara mbili, kama Fergus alivyomzoesha.

Alikaa hivyo mpaka alipoweza kuona tena. Ndipo akausoma mstari wa pili, ule ambao Torquil aliutembeza kilomita mbili kwenye theluji bila kumwambia mtu, hata Jessie.

*Miaka yote hii nimekuacha uamini kwamba ni bahari. Murdo hakuteleza, mpenzi wangu, alijitupa. Aliniaga kwanza.*